Aliyeitika kwa Niaba ya Wengine

Kila anayemfahamu Adélaïde wa Kashojwa anaifahamu pia tabia yake moja: jina likiitwa na mwenyewe asiwepo, yeye huitika kwa niaba yake. Huitika kanisani wanakwaya wanapohesabiwa. Huitika kwenye foleni ya maharagwe. Huitika hata nyumbani kwa watu, mtoto akiitwa na mama yake naye yuko mbali mchezoni. “Yupo, anakuja,” husema, na mara nyingi mtu huyo huja kweli. Vijana humcheka. Waliofika zamani katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambamo Kashojwa imo, hawacheki sana, kwa kuwa wanajua tabia hiyo ilitoka wapi.

Alizaliwa katika vilima vya Fizi, Kivu Kusini, katika nyumba ya wakulima wa muhogo. Vita vilimtoa huko akiwa msichana, akavuka mipaka pamoja na kaka yake na wifi yake, mpaka wakafika Uganda. Siku ya kuandikishwa, maafisa waliketi chini ya turubai wakaita majina. Wifi yake alikuwa amekwenda kumtafutia mtoto maji. Jina lake likaitwa, likarudiwa, pakawa kimya, na karatasi ikageuzwa, jina likaachwa. Ulipita msimu mzima wa mvua kabla jina hilo halijarudishwa mahali pake, na msimu huo wote chakula cha familia kilikuwa pungufu. Adélaïde alikuwa amesimama hapo hapo. Angeweza kusema, “Yupo, anakuja.” Aliona haya kupaza sauti mbele ya wageni. Tangu siku ile hajaona haya tena.

Sasa ni mama wa watu wazima na mhamasishaji wa maji na usafi. Shirika lililomwajiri ni dogo, na ofisi yake kuu iko Mbarara. Kazi ya kikundi cha Kashojwa ni kuzunguka vijijini, kuangalia mabomba, kufungua na kufunga maji kwa zamu, na kuwakumbusha watu kunawa mikono. Kabla ya kutawanyika, wahamasishaji walikuwa na desturi ya kukutana asubuhi mbele ya ghala la shirika, karibu na Base Camp, penye ofisi za utawala wa makazi. Walisimama katika duara. Hakuna aliyegusa habari ya kazi kabla kila mmoja hajasema ameamkaje, na nyumbani kwake kukoje. Mzee wao, Yonatani, mjane asiye na mtoto aliyebaki karibu naye, alikuwa na jibu lake lisilobadilika.

“Niko,” alisema, akijishika kiuno. “Na mugongo wangu naye iko.”

Walilisikia kila siku, na kila siku wakacheka.

Kisha akaja Bob kutoka ofisi ya Mbarara na kile kilichoitwa Ukumbi. Bob alilelewa katika kambi ya jeshi mjini humo, baba yake akiwa sajini, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko: kifupi, chenye amri, lakini kisicho na ubaya.

“Nyinyi watu ya Kashojwa, sikia,” alisema, akiinua simu yake katikati ya duara. “Hii kitu inaitwa Ukumbi. Wafanyakazi yote tutakuwa ndani. Picha ya bomba, maneno ya ofisi, kazi ya leo, yote iko humu. Asubuhi unaamka, unabonyeza hapa: Nipo. Unaandika unaenda wapi. Kule Mbarara jina yako inakuwa kijani. Mambo kwisha.”

“Na nisipobonyeza, shefu?” aliuliza Goretti, mhamasishaji mwenye ulimi mwepesi kuliko wote.

“Jina inabaki rangi ya majivu.”

“Na ikibakia majivu?”

“Mwezi ikiisha bado ni majivu, ofisi inajua huyo mtu alitoroka kazi. Wanaweka ingine.”

“Kumbe tumeingia jikoni!” alisema Goretti. “Mwenye hapiki, anazolewa pamoja na majivu.”

Watu wakacheka, na Bob naye akacheka. Adélaïde hakucheka. Katika maelezo yale yote yeye alikuwa amesikia jambo moja tu: jina lisiloitika linafutwa.

Bob alimchagua awe mfundishaji wa wenzake, kwa sababu alikuwa na simu nzuri na subira nyingi. Ni haki kusema kwamba aliifanya kazi hiyo vyema. Hakuwakusanya watu na kuwahutubia. Alimkuta mmoja kwenye mashine ya kusaga, akisubiri unga, akamfundisha kufungua. Alimkuta mwingine baada ya ibada, akamfundisha kuandika. Goretti alielewa upesi, akaanza kutuma picha za koki zilizovunjika, na kwa mara ya kwanza fundi alikuja kabla ya watu kuchoka kulalamika. Wengine walipoliona hilo, wakamfuata. Ukumbi ulikuwa na faida, na Adélaïde aliamini hivyo kwa moyo wake wote.

Aliyeshindwa alikuwa Yonatani. Simu yake mwenyewe ilikuwa kitochi, ya kupiga na kupokea tu. Adélaïde alimpa ya kwake ajaribu. Vidole vya mzee vilikuwa vimekaushwa na saruji na chuma cha mabomba kwa maisha yake yote, na kioo cha simu hakikuvitambua. Alibonyeza, akabonyeza tena, akavifuta vidole kwenye suruali.

“Inanikatala,” alisema. “Hata bibi yangu, siku nilienda kumuposa, hakunikatala namna hii.”

“Papa, ungemupelekea vidole kama hivi, angekimbia mpaka mjini Baraka!” alidakia Goretti.

“Alikimbia,” Yonatani alijibu kwa utulivu. “Lakini alirudi.”

Alicheka pamoja nao, kisha akamrudishia Adélaïde simu bila kumtazama usoni. Mwezi ulikuwa unakaribia kwisha.

“Achia tu, Papa,” akamwambia kwa sauti ya chini. “Mimi nitaitika pa fasi yako.”

“Kweli?”

“Jina yako haitanyamaza.”

Ndivyo ilivyoanza, kwa huruma. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Adélaïde alifungua ukurasa wa Yonatani katika simu yake, akabonyeza Nipo, akaandika mahali ambapo mzee angekwenda siku hiyo. Baadaye wengine nao wakaja. Huyu simu yake haikuwa na chaji; yule alikaa upande wa kilima usio na rezo, yaani mtandao wa simu. “Uniitikie leo tu, dada,” walimwomba, na leo ikawa na kesho yake. Aliyemwomba hakukataliwa. Huko Mbarara, majina ya Kashojwa yakawa kijani yote, asubuhi baada ya asubuhi, wakati vikundi vingine vilikuwa bado vimejaa majivu.

Bob alirudi akiwa na furaha. Jolly, mkuu wa ofisi, mwanamke wa Isingiro mwenye maneno machache, alikuwa ameisifu Kashojwa mbele ya wote. Kwa kuwa Ukumbi ulionyesha kila mtu alipo, haikuwa lazima tena watu wapoteze asubuhi kwa kusimama mbele ya ghala. Kila mmoja angetoka kwake na kwenda moja kwa moja kazini.

“Duara tunaacha,” alisema Bob, kisha akamgeukia Adélaïde. “Lakini nyabo, wewe ndio unajua hawa watu. Unasema nini? Tuache ama tubaki nayo?”

Adélaïde alimtazama Yonatani, aliyekuwa ng’ambo ya duara akimweleza mwenzake habari ya mgongo. Alijua kwamba pale ndipo mahali pekee alipomwona mzee yule kwa macho. Alijua pia kwamba akisema duara libaki, ataulizwa sababu, nayo sababu ilikuwa ndani ya simu yake.

“Ni sawa, shefu,” akasema. “Ukumbi unatosha.”

Ni maneno hayo, kuliko mengine yote, ambayo amekuwa akiyarudia moyoni tangu wakati huo.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja baada ya mvua, Yonatani alitoka alfajiri kwenda kufungua bomba la juu, kama zamu yake ilivyotaka. Alifuata njia ya mkato, kando ya mfereji uliochimbwa kwa ajili ya mabomba mapya. Udongo ukamwachia. Alianguka ndani, na paja likavunjika. Wakati huo Adélaïde alikuwa jikoni kwake, akiandika kwa jina la mzee: “Nipo. Ninaelekea kwenye bomba la juu.” Jina likawa kijani.

Wanawake waliofika bombani na madumu yao walikuta maji yamefungwa. Wakamwendea Goretti, aliyekuwa akifanya kazi karibu na hapo. Goretti akatazama Ukumbi, kama alivyofundishwa.

“Yuko njiani,” akawaambia. “Angalieni, ameandika mwenyewe. Mumungojee.”

Wakamngoja. Jua likapanda, likavuka utosi. Wengine wakakata tamaa, wakarudi kwa njia ya mkato ili wawahi kupika, na hao ndio waliosikia sauti iliyokauka ikitoka chini ya mfereji. Watu wa kanisa walimbeba kwa blanketi mpaka kwenye kituo cha afya, na gari la wagonjwa likampeleka Mbarara.

Jioni hiyo wahamasishaji walikutana nyumbani kwa Adélaïde bila kuitwa. Goretti alikuwa akilia.

“Mimi niliambia bale bamama bangoje,” alisema. “Niliona kijani, nikabaambia bangoje!”

Adélaïde alitaka kumwambia kwamba kosa halikuwa lake, lakini kusema hivyo kungemlazimu kusema lilikuwa la nani, na kila mtu chumbani alikuwa anajua. Mmoja akauliza kama Mbarara wameshaarifiwa. Ilikuwa bado. Ofisi ikijua kwamba mzee amelazwa, mahali pake patatafutiwa mtu mwingine. Hakuna aliyetamka uamuzi, lakini walipoagana ulikuwa umekwisha kufanyika. Kesho yake asubuhi Adélaïde aliketi mbele ya mafiga, simu mkononi, akaandika tena kwamba Yonatani yuko, anaelekea kwenye bomba la juu. Hakuweza kula siku hiyo.

Wiki iliyofuata ofisi ilimwita. Vikundi vya makazi mengine vingekusanyika Mbarara, na Jolly alitaka mfundishaji wa Kashojwa awaeleze jinsi alivyofanikiwa. Gari liliposimama njiani, Kabingo, kupakia ndizi, Adélaïde alitoa simu, akamwitikia Yonatani kama kawaida. Alipofika mjini alipitia hospitali kwanza.

Yonatani alikuwa amelala, mguu umefungwa na kuvutwa kwa uzito. Alikuwa amekonda, lakini alifurahi kumwona.

“Niko,” alisema, akijaribu kutabasamu. “Mugongo naye iko. Ni muguu tu ndiyo sijui kama iko.”

Adélaïde aliketi pembeni mwa kitanda. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba msamaha tangu Kashojwa, lakini mzee alimtangulia.

“Unajua kitu nilikuwa nawaza kule ndani?” alisema. “Nilianguka, nikaita. Nikaita, nikaita. Kisha nikajiuliza: ninaita nani? Asubuhi hii mimi nimekwisha kuitika. Mutu mwenye ameitika, nani atamutafuta?”

Aliyasema bila lawama yoyote, kama mtu anayeeleza hesabu iliyo wazi. Adélaïde aliinamisha kichwa. Angependa kutukanwa.

“Papa, unisamehe.”

“Nikusamehe nini? Sikia sasa. Uendelee.”

“Niendelee nini?”

“Kuitika pa fasi yangu. Dokta anasema mufupa utachukua wakati. Mwezi ikiisha jina langu ni majivu, banaweka mwengine. Mimi sina bibi, sina mutoto hapa. Sina kitu kingine, mama. Niko na jina hii moja tu kwa kazi. Uliniahidi haitanyamaza.”

“Na bakiniuliza uko wapi?”

“Useme niko kwa bomba,” alijibu Yonatani, akaufumbata mkono wa Adélaïde. “Bomba haitakuja kusema hapana.”

Ofisi haikuwa mbali na hospitali. Ndani ya ukumbi wa mikutano viti vilikuwa vimejaa, na ukutani, kwa mwanga wa projekta, yalionekana majina ya kikundi cha Kashojwa. Yote yalikuwa kijani. La Yonatani lilikuwa la mwisho, na kando yake maneno ya asubuhi ile: anaelekea kwenye bomba la juu.

Bob alimkaribisha kwa sifa nyingi. “Huyu mama ndio mwalimu ya Ukumbi,” alisema. “Nyinyi wengine mnasema wazee hapana weza. Kashojwa wameweza!”

Adélaïde alisimama. Alieleza habari ya mashine ya kusaga, habari ya picha za koki, na jinsi ya kumfundisha mtu mmoja mmoja. Sauti yake ilikuwa sawa, na watu waliandika. Kisha mwanamume mmoja kutoka makazi mengine akanyoosha mkono.

“Mimi shida yangu ni wazee,” alisema. “Huyo wa mwisho, Yonatani, wamesema ni mzee sana. Huyo ulimfundisha namna gani?”

Adélaïde aliligeukia jina lile ukutani. Bob akaanza kutabasamu kwa niaba yake.

“Sikumfundisha,” akasema Adélaïde. “Yonatani hajaugusa Ukumbi hata mara moja. Mimi ndiye ninayeitika. Hata leo ni mimi.”

Jolly, aliyekuwa ameketi mbele, aliinua macho. “Yeye yuko wapi?”

“Hapa mjini, mama. Hospitalini. Alianguka kazini wiki iliyopita, akavunjika paja. Alilala mferejini tangu alfajiri mpaka jua likageuka. Hakuna aliyemtafuta, kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kusema yuko.”

Hakuna aliyeandika hilo. Jolly aliuliza kama kuna wengine wanaoitikiwa. Adélaïde alisema kwamba wapo, na kwamba waliomba kwa shida zao, lakini kidole kilikuwa chake. Hakumtaja mtu. Jolly hakumlazimisha. Alifunga mkoba wake, akasema, “Kale, sawa. Twende hospitali,” wala hakuongeza jambo.

Bob aliwafuata hadi barazani, akamshika Adélaïde mkono wa nguo.

“Mama, umeniangusha chini kabisa. Mimi nilisimama mbele ya watu, Kashojwa, Kashojwa!”

“Nisamehe, shefu.”

Bob alitazama barabara. “Mimi niliona, unajua,” akasema polepole. “Majina yote inakuwa kijani mara moja, moja nyuma ya ingine, kama askari kwa paredi. Nikasema moyoni, watu hapana amka hivyo. Nikanyamaza. Ile kijani ilikuwa tamu.”

Shirika lilibeba gharama za matibabu ya Yonatani. Lakini daktari alisema mguu ule hautapanda tena vilima na kubeba mabomba, na kabla ya mwezi kwisha nafasi yake ikapewa mtu mwingine. Adélaïde aliondolewa katika ufundishaji na kubaki mhamasishaji wa kawaida. Goretti akawekwa mahali pake. Ukumbi uliendelea, kila mtu akibonyeza kwa kidole chake, na asiyeweza akiandikwa hivyo waziwazi. Duara la asubuhi likarudishwa, na humo Goretti akawa anaita majina.

Adélaïde mwenyewe ndiye aliyempelekea Yonatani hospitalini habari ya kazi yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

“Nilikuomba kitu kimoja,” alisema.

“Papa, ulikuwa unaweza kufa kule, na Ukumbi unasema uko.”

“Lakini sikufa. Sasa niko mutu wa nini? Ile kazi ndiyo fasi moja tu balikuwa banaita jina langu.”

Akageukia ukuta, wala hakuaga. Adélaïde alirudi Kashojwa akiwa na mzigo ambao hakuutarajia. Alidhani kwamba akiungama atapumua. Kumbe sasa alijilaumu kwa kuitika na akajilaumu kwa kuacha kuitika, na hakujua ni lipi lililomdhuru mzee zaidi.

Yonatani aliporudishwa nyumbani na magongo yake, Adélaïde alimwomba Goretti jambo moja: majina yakiitwa asubuhi, la Yonatani liitwe mwisho, ingawa si mfanyakazi tena. Goretti alimtazama kwa muda, akakubali.

“Yonatani,” aliita siku ya kwanza.

Midomo ya Adélaïde ilikwisha kufunguka kwa mazoea. Akaifunga. Kimya kikakaa katikati ya duara, na watu wakatazama chini.

“Haiko,” Goretti akasema hatimaye, kwa sauti ya kawaida. “Nani anaenda kumuangalia?”

“Mimi,” alisema Adélaïde.

Alikwenda na dumu la maji. Yonatani hakumjibu salamu. Adélaïde aliyamimina maji mtungini, akafagia kizingiti, akakaa kidogo, akaenda zake. Kesho yake jina likaitwa tena, pakawa kimya tena, akaenda tena. Siku ambazo yeye alikuwa na zamu ya mbali, alikwenda Goretti, au mwingine. Mzee aliwasemesha wengine. Adélaïde hakusemeshwa naye.

Asubuhi moja rezo ilikuwa mbaya, watu wakabishana na simu zao kwa muda mrefu, na duara likachelewa kuvunjika. Adélaïde alipofika na dumu lake, jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Yonatani alikuwa amejikokota hadi nje, ameketi kwenye benchi karibu na mlango, akiitazama njia.

“Umechelewa,” alisema.

Adélaïde alisimama pale pale na dumu mkononi. “Balikuwa bado banaita majina, Papa.”

“Langu nalo?”

“Lako nalo.”

“Na nani aliitika?”

“Hakuna mutu.”

Yonatani akayavuta magongo yake upande mmoja, akampa nafasi kwenye benchi.